Jeni Ilifanya Kazi Yake: Niliyojifunza Kati ya Maabara na Shamba la Pamba

Kabla sijaingia maabara nilikuwa mpulizaji wa dawa kwenye mashamba ya pamba. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wengi wanaobishana kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba hawajawahi kubeba bomba mgongoni jua la saa saba, dawa ikivuja kwenye kifuniko na kulowesha shati. Jioni kichwa kinagonga, macho yanawasha, chakula hakipiti. Wiki inayofuata ukipasua kitumba unamkuta funza yumo ndani, mahali ambapo dawa haimfikii, anakula mbegu na kuchafua nyuzi. Unachanganya dawa tena, unajifunga bomba tena.

Kwa hiyo nilipoelezwa mara ya kwanza kwamba mmea wenyewe unaweza kufanywa umuue funza, sikuuliza habari za siasa wala za makampuni. Niliuliza: inafanyaje kazi? Tangu siku hizo nimepita kwenye maabara, kwenye mashamba ya majaribio na kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, na yote niliyoyaona yamenifikisha kwenye jambo moja. Karibu kila mahali teknolojia hii ilipofanikiwa au kushindwa, jeni yenyewe ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Kilichoamua matokeo ni aina ya mbegu iliyowekewa jeni hiyo, mashamba yaliyoizunguka, na nani anayeimiliki.

Tuanze na jeni. Udongoni kuna bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Mjapani Ishiwata Shigetane alimgundua mwaka 1901 akichunguza ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri, na mwaka 1915 Mjerumani Ernst Berliner akampa jina lake kutokana na jimbo la Thuringia. Bakteria huyu hutengeneza protini yenye umbo la fuwele. Kiwavi akiila, utumbo wake wenye hali ya alkali huiyeyusha fuwele, protini hushika kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi anaacha kula, anakufa. Tumbo la binadamu lina asidi na utumbo wetu hauna vipokezi hivyo. Wafaransa waliuza dawa ya kupuliza iliyotokana na bakteria huyu tangu mwaka 1938, na wanaolima kilimo hai wanaipuliza mpaka leo. Wahandisi wa vinasaba walichofanya ni kuichukua jeni inayotengeneza protini hiyo na kuiingiza ndani ya pamba. Mwaka 1996 pamba ya namna hiyo ikaanza kulimwa kibiashara nchini Marekani.

Maabara nilipangiwa kazi ya kuotesha tishu. Tunachukua miche michanga iliyooteshwa kwenye chupa safi, tunakata vipande vya shina, tunavichovya kwenye maji yenye bakteria mwingine wa udongoni, Agrobacterium. Huyu kwa maumbile yake huchomeka kipande cha DNA yake ndani ya seli za mmea na kuufanya uote uvimbe. Watafiti walimtoa jeni za uvimbe wakamwekea wanazotaka wao, na mimea ya kwanza iliyopatikana kwa njia hiyo ilitangazwa mwaka 1983. Baada ya kuchovya, vipande hulazwa kwenye chakula chenye sukari, homoni na dawa inayoua seli zisizopokea jeni mpya. Vingi hufa. Vinavyobaki hutoa donge la seli lisilo na mzizi wala jani, na kutoka kwenye donge hilo, baada ya miezi mingi ya kuhamishwa chupa hadi chupa, huchipuka mche. Ukungu ukipenya, kazi ya msimu mzima inamwagwa.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo lisilosikika kabisa kwenye mabishano ya hadharani. Aina nyingi za pamba hazikubali kuchipua kutoka kwenye donge. Aina moja ya Kimarekani, Coker 312, inakubali, na ndiyo maana maabara nyingi ziliitumia. Maana yake, jeni huanza maisha yake ndani ya pamba ambayo mkulima hakuichagua na pengine asingeitaka. Ili imfikie ndani ya aina anayoijua, lazima pamba ya maabara ichavushwe na aina yake, kisha watoto wao wachavushwe tena na aina hiyohiyo, kizazi baada ya kizazi, mpaka tabia za Coker ziishe na ibaki jeni iliyokusudiwa. Ni kazi ya mzalishaji mbegu, ya miaka, isiyopigiwa makofi. Ikikatizwa kabla ya wakati, mkulima anapewa jeni nzuri ndani ya pamba isiyo yake.

Yaliyotokea Burkina Faso yanapaswa kufundishwa kwa kila anayeingia fani hii. Pamba ya nchi hiyo ilisifika sokoni kwa nyuzi ndefu, matunda ya miongo ya uzalishaji wa mbegu. Mwaka 2008 pamba yenye kinga dhidi ya funza ikaanza kulimwa kibiashara. Shambani ilifanya iliyoahidi: upulizaji ulishuka kutoka takriban mara sita kwa msimu hadi mara mbili, na mavuno yakapanda. Tatizo lilionekana kwenye viwanda vya kuchambua. Nyuzi zilikuwa zimefupika, na kila tani ya pamba mbegu ikawa inatoa pamba nyuzi kidogo kuliko zamani. Sifa ya pamba ile sokoni ikaporomoka, na bei nayo. Ilipofika mwaka 2016 kampuni za pamba za nchi hiyo zilikuwa zinairudisha nchi kwenye mbegu za kawaida. Aliyerudi kubeba bomba ni mkulima, ambaye hakuwa na neno katika uamuzi wa kuanza wala wa kuacha. Mimi niliyewahi kulibeba siwezi kuisoma habari hiyo bila uchungu.

Baadaye nilitoka kwenye chupa nikaenda shambani, na hapa ndipo nimejifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwashawishi wakulima wapande mistari ya pamba ya kawaida kando ya pamba yenye jeni. Tunaiita hifadhi. Sababu yake inaeleweka mtu akiketi nayo kidogo. Katika funza wengi, wachache sana huzaliwa na usugu dhidi ya ile protini. Shamba lote likiwa na pamba ya kuua funza, wanaobaki hai ni hao wachache tu, na wanapogeuka nondo wanakutana wao kwa wao na kuzaa kizazi sugu. Lakini kando yake kukiwa na pamba ya kawaida, huko wanakulia funza wengi wa kawaida. Nondo sugu mmoja anapotokea anakuta wenzake wengi wasio sugu, anapandana nao, na kwa kuwa usugu huu mara nyingi unahitaji jeni kutoka kwa baba na mama wote wawili, watoto wao wakila pamba yenye protini wanakufa.

Mzee mmoja, mkulima hodari, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Mwanangu, unaniambia nitenge sehemu ya shamba langu nilishe funza?"

"Ndiyo, mzee wangu," nikamjibu. "Ndivyo ilivyo."

Akafikiri kidogo. "Na jirani yangu asipotenga?"

Swali hilo la pili ndilo lililonikalia moyoni. Nondo hajui mpaka wa shamba. Anayetenga hifadhi anabeba hasara peke yake, na faida inagawanywa kwa kijiji kizima, pamoja na waliokataa. Tena mwenye shamba dogo anaumia zaidi, kwa sababu kwake mistari michache ni sehemu ya riziki ya mwaka. Kumwambia ni wajibu wake kwa vizazi vijavyo kisha kuondoka, kwa maoni yangu, ni kumdhulumu.

India imeonyesha mwisho wa njia hiyo. Serikali iliidhinisha pamba hiyo mwaka 2002, na mwaka 2006 ikaja yenye protini mbili. Sheria ilidai hifadhi ya asilimia 20 ya eneo au mistari mitano kuzunguka shamba, na kila pakiti ya gramu 450 iliambatana na kipakiti cha gramu 120 cha mbegu ya kawaida. Wakulima wengi hawakukipanda kipakiti hicho. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba funza mwekundu, aina mojawapo ya funza wa vitumba, amekuwa sugu katika jimbo la Gujarat kwa protini ya kwanza, na miaka michache baadaye akaishinda na ile yenye protini mbili. Mabomba yakarudi mgongoni. Nimesikia watu wakitumia habari hii kuthibitisha kwamba jeni ilikuwa bure tangu mwanzo. Si kweli. Funza huyohuyo, pamba yenye protini hiyohiyo, vilikuwepo jimbo la Arizona, Marekani, tangu mwaka 1996. Huko hifadhi ilizingatiwa na usugu ukachunguzwa kila mwaka. Kisha kuanzia mwaka 2006 ndege zikamwaga nondo tasa kwa mamilioni juu ya mashamba, ili nondo yeyote wa porini akutane na mwenza asiyeweza kumzalia. Mwaka 2018 Marekani ikatangaza kwamba funza mwekundu ametokomezwa kwenye maeneo yake ya pamba. Fedha za ndege zile zilitoka kwa wakulima waliojichanga pamoja na kwa serikali, na mpango uliwahusu wote. Hakuna aliyeachwa ajiulize habari za jirani yake.

Kuna mfano wa tatu ambao naupenda kuliko yote, kutoka bonde la mto Yangtze nchini China. Wakulima wa huko walipanda mbegu za kizazi cha pili cha chotara, waliotokana na pamba yenye jeni kuchavushwa na pamba ya kawaida. Katika kizazi hicho cha pili, mmea mmoja kati ya minne hauna jeni ya kuua funza. Yaani walikuwa wamepanda hifadhi katikati ya mashamba yao bila mtu kuwaamuru. Watafiti walipofuatilia kwa miaka, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walikuta usugu wa funza mwekundu uliokuwa umeanza kupanda umeshuka tena. Mbegu ya kizazi cha pili, ambayo wauza mbegu kwingineko huipiga vita mahakamani mkulima akiibakiza, ndiyo iliyolinda nguvu ya jeni yao.

Huko China pia ndiko tulikojifunza kwamba funza akiondoka, nafasi yake haibaki tupu. Dawa zilizokuwa zikipulizwa dhidi yake zilikuwa zinaua na kunguni wa mimea wanaofyonza utomvu, ambao ile protini haiwagusi. Upulizaji ulipopungua, kunguni hao wakaongezeka, wakahamia hata kwenye miti ya matunda. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2010. Tangu niisome nimekuwa nikiwaambia wakulima wasifunge macho kwa sababu tu vitumba vimekuwa safi. Wapite mashambani, wageuze majani, waangalie upande wa chini.

Mbegu zilizopewa jeni ya kustahimili dawa ya magugu ni habari nyingine, na kwa hizo sina shauku ileile. Mbegu ya kuua funza ilipunguza sumu. Hii inakuambia upulize sumu moja shamba zima bila kuua zao. Palizi inakuwa rahisi, na kwenye mashamba makubwa imewezesha watu kulima bila kutifua udongo, jambo jema kweli. Lakini dawa moja ikitumika mwaka baada ya mwaka huchagua magugu sugu kama vile protini moja inavyochagua funza sugu. Mwaka 2005 jimbo la Georgia nchini Marekani lilithibitisha mchicha pori usiokufa kwa glifosati, ile dawa ya magugu, ndani ya pamba, gugu ambalo mmea mmoja wa kike hutoa mbegu mamia ya maelfu. Wakulima wenye matrekta makubwa wakaajiri watu wa kung'oa kwa mkono na kuongeza dawa nyingine juu ya ile ya kwanza. Wizara ikiniomba ushauri kuhusu mbegu za aina hii, nitauliza kwanza mpango wa kubadilisha dawa na mazao uko wapi.

Kuhusu afya, nimeulizwa mara nyingi kama mimi mwenyewe ninavila vyakula hivi. Ninavila, na watoto wangu wanavila. Mwaka 2016 akademia za sayansi za Marekani zilipitia mamia ya tafiti na hazikuona ushahidi kwamba vyakula vilivyomo sokoni kutokana na mazao haya vina hatari zaidi ya vile vya mazao ya kawaida. Hata hivyo imani yangu haitokani na ripoti hiyo peke yake. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu ilihamisha jeni ya njugu za Brazili kwenye soya ili kuongeza ubora wa protini ya lishe ya mifugo. Ikapimwa kwa damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo, mzio ukaonekana umehamia kwenye soya, na mradi ukaachwa kabla mbegu haijafika sokoni. Matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Wapinzani huitaja habari hii kama ushahidi wa hatari, na wapo sahihi: hatari ilikuwepo. Mimi huitaja kama ushahidi wa kwa nini upimaji wa kila mbegu, mmoja mmoja, haupaswi kulegezwa hata kidogo. Swali la "mazao haya ni salama?" halina jibu moja, maana kila jeni na kila zao lina jibu lake.

Linalonisumbua zaidi ya afya ni umiliki. Mama mmoja aliyekuwa na pamba nzuri kuliko wote katika eneo tulilolihudumia alichota mbegu kiganjani akaniuliza, "Bwana shamba, hizi nikizibakiza zitaota?"

"Zitaota, mama, ila hazitalingana. Nyingine zitakuwa na kinga, nyingine hazitakuwa nayo. Na mkataba uliotia saini unakataza."

"Mkataba upi?" Alikuwa ameweka dole gumba kwenye fomu ya kupokea mbegu, na maandishi hayo hakuna aliyemsomea.

Sikuwa na la kumtetea aliyeandika fomu ile. Sheria iko upande wake: mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja dhidi ya Vernon Bowman, mkulima wa soya wa Indiana, kwamba kuzalisha mbegu yenye hataza, yaani haki ya kisheria ya aliyeivumbua, kwa kuipanda tena ni kukiuka hataza hiyo. Kwa mkulima mwenye wakili, hilo ni suala la hesabu. Kwa mama yule ni kufungwa na ahadi asiyoijua. Na haikulazimu iwe hivyo. Virusi vya madoa duara vilipovamia mapapai ya Hawaii katika miaka ya 1990, Dennis Gonsalves na wenzake, wakitumia fedha za umma, walitengeneza papai lenye kinga, leseni za hataza zikashughulikiwa, na mwaka 1998 mbegu zikagawiwa wakulima bila malipo. Kilimo cha mapapai cha visiwa vile kiliokolewa. Nikiombwa mfano wa jinsi jambo hili linavyopaswa kufanywa, nautoa huo.

Fedha za umma nazo hazitoshi. Mchele wa dhahabu, wenye viini vya vitamini A, ulitangazwa na Ingo Potrykus na Peter Beyer mwaka 2000. Toleo lenye viini vingi zaidi, lililotumia jeni ya mahindi, lilitangazwa mwaka 2005. Ufilipino iliruhusu ulimwe kibiashara mwaka 2021, na Aprili 2024 mahakama ya rufani ya nchi hiyo ikaubatilisha uamuzi huo. Watoto waliozaliwa mwaka ulipotangazwa sasa ni watu wazima.

Siku hizi muda wangu mwingi unaenda kwenye mbegu ya pamba yenyewe, ile inayobaki baada ya nyuzi kutolewa. Kila kilo ya nyuzi huja na zaidi ya kilo moja na nusu ya mbegu yenye protini nyingi, lakini mbegu hiyo ina gosipoli, sumu inayohifadhiwa kwenye vitone vyeusi ambavyo mtu akiipasua anaviona kwa macho. Ng'ombe mkubwa anaivumilia, ila kuku, nguruwe na binadamu hapana. Miaka ya 1950 walizalisha pamba isiyo na gosipoli kabisa, wadudu wakaishambulia kwa sababu mmea ulikuwa umepoteza silaha yake. Mwaka 2006 Keerti Rathore na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas A&M walionyesha njia ya kuinyamazisha jeni ya gosipoli ndani ya mbegu tu, huku majani na mashina yakibaki na kinga. Idhini ya kulima Marekani ikapatikana mwaka 2018, na ya kuliwa mwaka 2019. Kwangu hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa kwenye pamba: mmea mmoja wa nguo na chakula.

Jeni inafanya kazi. Ila kwa nje mbegu hizi zinafanana na za kawaida, na mzigo wa kawaida ukichanganyika nazo kiwandani, sumu inaingia kwenye unga wa kuliwa. Lazima kuwe na mashamba yaliyotengwa, magunia yake, ghala lake, na mashine isafishwe kila aina inapobadilishwa. Mchambuaji ninayejadiliana naye kuhusu jambo hili hapingi sayansi hata kidogo. Anauliza nani atamlipa kwa saa ambazo mashine imesimama ikisafishwa. Msindikaji wa unga anasema atalipa akihakikishiwa wingi wa mbegu, wakulima wanasema watapanda wakihakikishiwa bei, na wote wanataka mwingine asaini kwanza. Nimewaandalia hesabu za kuanza na kiwanda kimoja kidogo kitakachochambua aina hii peke yake. Tunakutana tena kabla ya msimu wa kupanda.